Biira Mmoja Anatosha

Ukisimama juu ya tuta la mfereji kule Mubuku ukaita "Biira" kwa sauti, karibu robo ya wanawake walioinama kwenye mpunga watanyanyua vichwa. Waliobaki ni akina Masika, Kabugho na Mbambu. Wakonzo hawahangaiki kumtafutia mtoto jina: binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, mvulana wa kwanza ni Baluku, wala hakuna anayejali kwamba nyumba ya jirani nayo ina Biira wake, na ya jirani wa jirani vilevile. Jina la ubatizo ndilo linalowatenganisha, nalo haliwatenganishi sana, maana wachungaji wa zamani walikuwa na majina yao machache waliyoyapenda, wakayagawa kwa watu wote.

Hilo Ronah alilijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Yeye mwenyewe ni Masika Ronah, mzaliwa wa Kasese, na mdogo wake anayemfuata anaitwa Biira. Lisemwe mapema, asije mtu akamtetea kwamba hakujua.

Alikuwa sekretari wa chama cha wakulima wa mfereji wa chini, watu waliokodi ploti za mpunga na kugawana maji. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha mabati, meza moja, na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama mtoto aliyelala. Kabla yake kazi hiyo aliifanya Mzee Tefiro kwa kalamu na daftari, na mzee huyo alikuwa na njia yake ya kuwajua watu. Aliandika "Biira Yunia wa Benon", kisha chini yake "Biira Yunia wa Nyakiyumbu", kisha "Baluku anayechechemea". Ronah alipokabidhiwa daftari lile alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamsomea kila aliyepita. Mzee Tefiro mwenyewe alikuwa amesimama pale mlangoni na kofia yake mkononi.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Jonan, mwanajeshi mstaafu. Kila mtu alimwita afande, na ndani ya ofisi yake hakutaka kusikia lugha nyingine isipokuwa Kiswahili, kama ilivyokuwa kambini. Yeye ndiye aliyempeleka Ronah mjini Kasese, Divisheni ya Nyamwamba, akasome kompyuta kwa wiki moja. Mwalimu wake alikuwa Okot, mtu wa Gulu aliyekuja na mradi fulani. Mradi ukaisha, yeye akabaki. Alipanga chumba, akaweka kompyuta chache za mitumba, akawa anafundisha watu majedwali.

Okot alifundisha kwa upole na kwa kurudiarudia. Kisanduku kimoja kibebe jambo moja: jina mahali pake, namba ya ploti mahali pake. Mstari wa vichwa vya safu ufungwe pale juu, usiteleze ukapotea unaposhuka chini. Ukipanga majina kwa alfabeti, panga jedwali zima, si safu moja, la sivyo kila mtu atavaa shati la mwenzake. Hifadhi kazi yako kila mara, kwa sababu umeme wa Kasese ukiondoka hauagi. Na kabla ya kubadilisha jambo kubwa, tengeneza nakala uiweke kwenye flashi. Siku ya mwisho akawaonyesha namna ya kufuta marudio: mtu akiandikwa mara mbili, kompyuta inamtafuta yenyewe, inamwacha wa kwanza na kumfuta wa pili. Ronah alibonyeza, akaona mistari inanywea mbele ya macho yake, akasikia utamu mpaka kwenye nyayo. Mengine yote aliyaandika. Hilo moja alilipenda.

Aliporudi Mubuku akaingiza majina yote ya chama. Maelezo ya Mzee Tefiro aliyatupa. Kisanduku kimoja jambo moja, na kuchechemea kwa Baluku si jina. Akatengeneza nakala kwenye flashi kama alivyofundishwa. Kisha akaamuru kompyuta ifute marudio. Ikamwuliza ilinganishe safu zipi, akaziacha zote zikiwa na alama, ikamjibu kwamba haikuona marudio yoyote.

Hapo angefunga kompyuta akaenda kula muhogo wake, na hadithi hii isingekuwapo. Lakini Ronah aliona ametukanwa. Wiki nzima ya mafunzo, cheti chenye muhuri, halafu mashine haioni kitu? Akarudi kulekule. Akaondoa alama kwenye safu ya ploti, akaondoa kwenye safu ya kijiji, akabakiza ya majina peke yake. Kompyuta ikasita kidogo, ikasema imefuta mistari thelathini na kitu. Akapiga makofi peke yake chumbani. Mkonzo, binti wa Mkonzo, amekaa mbele ya akina Biira na akina Baluku aliowaandika kwa mkono wake mwenyewe, akaona uchafu wa kufagia! Ujinga wa mtu asiyejua husameheka. Huu ulikuwa ujinga wa kiburi, na huo hauna dawa.

Afande Jonan alifurahi kuliko yeye, tena kwa sababu zake. Alikuwa na mashemeji waliokuwa wakisubiri ploti tangu msimu uliopita, wakimla kichwa kila Jumapili. Aliutazama ule upungufu kwenye kioo, akatikisa kichwa taratibu, akasema hao ni watu hewa, na kwamba Tefiro miaka yote hiyo alikuwa anawanyweshea maji watu wasiokuwapo. Kwenye mkutano mkuu alimsimamisha Ronah apigiwe makofi. Akaahidi mbele ya watu kwamba kazi yake ya muda itakuwa ya kudumu, na barua itaandikwa.

Maskini akipata, matako hulia mbwata. Tangu siku hiyo Ronah hakutembea tena, alipita. Mtu akimsalimia kwa Kikonzo ofisini, alimjibu kwa Kiswahili. Wazee wa rika la baba yake aliwaacha wasimame mpaka amalize kupangusa kioo cha kompyuta.

Haikupita wiki, watu hewa wakaanza kuingia ofisini wakiwa na miili yao. Baluku mmoja alikuja na panga, akisema anatoka tu kukata majani. Akarudishwa kwenye jedwali papo hapo. Bwambale mmoja alikuwa na shemeji polisi, naye akarudishwa hata hajakaa kwenye kiti. Ronah aliwaandika upya mmoja mmoja bila kuwauliza swali, na afande akatangaza kwamba hao wamehakikiwa. Mwishowe waliobaki kuwa hewa walikuwa wale wasio na panga wala shemeji.

Mmoja wao alikuwa Biira Yunia wa Nyakiyumbu. Alizaliwa huko upande wa Bwera, akaolewa Mubuku, mumewe akafa, na kabla matanga hayajaisha ndugu za mume wakamwondoa kwenye shamba la nyumbani. Alichobakiwa nacho duniani ni ile ploti ya kukodi. Alikula humo, alivaa humo, na wakati huo mpunga wake ulikuwa umeanza kutoa masuke.

Ploti yake ilipakana na ya Biira Yunia mwingine, mke wa Benon. Wawili hao waliitana somo, kama waitanavyo watu wa jina moja, na usomo wao haukuwa wa mdomoni. Huyu akiugua, yule alimfungulia maji. Walipandikiza mpunga pamoja, leo ploti hii, kesho ile, na walikula kwenye sufuria moja. Kwenye jedwali la Ronah mke wa Benon aliandikwa juu na mjane akaandikwa chini. Basi kompyuta ikamwacha wa juu.

Afande aliwaita wote wawili ofisini. Benon alimsindikiza mkewe, akabaki mlangoni. Ronah alikuwa mezani, mkono juu ya kipanya, mkoba wake magotini.

"Biira Yunia ni nani?" afande akauliza.

Wakaitika kwa pamoja, wakatazamana, wakacheka kidogo, kama walivyozoea kucheka jambo hilo likiwatokea kanisani.

"Hapana cheka. Kompyuta nasema hapa iko mutu moja. Biira moja inatosha. Nani iko mutu, nani iko hewa?"

Kicheko kikakatika. Na hapo ndipo Ronah alipoelewa kila kitu, kwa sababu mbele yake walisimama wanawake wawili wenye tope mpaka vifundoni, na namba za ploti zao mbili alizichapa yeye. Hakukuwa na mtu hewa hata mmoja, si huyu, si wale wengine. Flashi ilikuwa ndani ya mkoba, na nakala ilikuwa ndani ya flashi. Kumrudisha kila mtu mahali pake lilikuwa jambo la muda mfupi tu, mfupi kuliko kuchemsha chai. Lakini angelazimika kufungua mdomo mbele ya afande aseme nilikosea, na barua ya kazi ilikuwa bado haijatiwa sahihi. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ronah alilishika la kunyonga, la haki akaliacha. Alichukua kile kitambaa cha kufuma akaanza kupangusa kioo.

Mke wa Benon alimtazama mumewe. Benon akakohoa, akaangalia viatu vyake.

"Ni mimi, afande," mke wa Benon akasema. "Ile jina ni ya mimi."

"Na huyu?"

"Huyu naonaga tu kule kwa mfereji."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mjane hakulia. Alibaki amemgeukia somo yake, uso umetulia, kama anayemsubiri mtu amalize mzaha wake ili wacheke wote. Mzaha haukuisha. Afande alimwamuru atoke, akatoka, na mke wa Benon akatoka nyuma yake kwa mwendo wa polepole sana, asije akamfikia njiani. Ronah alijiambia kwamba wamemalizana wenyewe, yeye hakusema neno. Ni kweli hakusema neno, na ndiyo aibu yenyewe.

Baada ya hapo afande alimtuma Bwera kupatana na mnunuzi wa mpunga wa chama, Hajati Mastula, mwenye stoo karibu na soko la Mpondwe. Wateja wake wengi walivuka kutoka Kongo, na wote aliwaweka kwenye jedwali la kompyuta. Walipomaliza habari za magunia, Ronah akaleta swali lake kwa pembeni, kama mtu anayeulizia dawa ya ugonjwa wa jirani. Alitaka kujua Hajati hufanyaje majina yakifanana, na kama huwa anayafuta.

Hajati alicheka, kicheko kisicho na ubaya.

"Dada, hapa kwangu ba Masika beko mingi kupita magunia. Iko Masika wa Kasindi, iko Masika wa Beni, iko mumoja wa meno ya zahabu. Nikifuta, nitauzisha kwa nani? Weka namba ya simu pembeni ya kila mutu. Asiye na simu, mupe namba yako mwenyewe, moja, mbili, tatu. Jina alipewa na mama yake, na mama yake hakuuliza jirani."

Kisha akaacha kucheka, akamtazama vizuri, akamwuliza kama kuna watu aliowafuta. Ronah akasema hapana, Hajati, nauliza tu.

Njia nzima ya kurudi alikuwa na nia njema, na asinyimwe sifa hiyo. Alipanga kufungua flashi, kurudisha mistari yote, na kuongeza safu ya namba kama alivyoelezwa. Alitafuta hata maneno ya kumwambia afande: kwamba mashine ilihitaji kurekebishwa kidogo, kwamba mambo haya hutokea hata Kampala. Aliyakariri maneno hayo mpaka yakakaa vizuri mdomoni. Nia hiyo iliishi mpaka mlangoni mwa ofisi.

Afande alikuwa amekaa kwenye kiti chake, barua iko mezani, imetiwa sahihi na kupigwa muhuri. Akampa mkono. Akamwambia kwamba mashemeji zake wameshapata ploti, na kwamba yeye hakumsahau mtu aliyeifanya kazi yenyewe. Ile ya Biira hewa, ya pembeni mwa matete, itakuwa yake, pamoja na mpunga uliomo.

"Mutu ya kazi lazima akule," afande akasema. "Kwenda, angalia shamba yako."

Sababu ya kuipokea hakuikosa. Baba yake alipokufa, ardhi waligawana kaka zake, yeye akapewa sufuria na pole. Alikuwa mtu mzima anayelala kwenye chumba cha kupanga, hajawahi kusimama mahali akasema hapa ni pangu. Alishuka mpaka kwenye ploti, akaingiza mkono katikati ya mpunga. Masuke yalikuwa mazito, maji yanapita taratibu, magugu hayakuonekana hata moja. Mtu aliyeipalilia ploti ile alikuwa na mkono wa dhahabu. Ronah aliona furaha ya kweli, asiyoijua tangu azaliwe, na kwa sababu ya furaha hiyo akamchukia yule mjane kwa mara ya kwanza.

Alirudi ofisini jua likiwa bado juu. Akachomeka flashi, akafungua nakala, akashuka mpaka kwenye mstari wa Biira Yunia wa pili, akauangalia. Kisha akaifunga nakala na kuifuta. Kompyuta ikamwuliza kama ana uhakika, maana kikifutwa kutoka kwenye flashi hakirudi. Akajibu kwamba anao.

Asubuhi ya kesho yake mjane akaja. Alikuwa amevaa busuti yake ya kanisani, miguu imeoshwa. Hakusalimia kwa Kikonzo. Alisimama mbele ya meza mpaka Ronah alipoinua macho, na ilionekana kwamba maneno yake ameyaandaa, labda kwa siku nyingi, kwa Kiswahili kile cha ofisi ambacho hakukijua vizuri.

"Mwanangu, mimi hapana kuja gombana," akasema. "Nimefikiri, nimeelewa. Makosa iko kwa jina. Kompyuta haiwezi kubeba Biira mbili, na somo yangu alitangulia. Sasa toa hiyo Biira, niandike jina ingine. Kwa dispensari iko nasi ya kudunga sindano, anaitwa Aryemo. Hapa kwetu hakuna Aryemo hata moja. Niandike Aryemo, ila niweke kwa ploti yangu."

Ronah alitafuta hasira ya kumjibu, hakuipata, akatumia sauti ya kazi. Alimweleza kwamba kompyuta haimweki mtu mpya katikati; mtu mpya huanzia chini kabisa, nyuma ya wote wanaosubiri ploti. Ulikuwa uongo, na hata uongo wenyewe ulikuwa wa kivivu. Mjane akatikisa kichwa kama mwanafunzi msikivu. Akasema chini si kitu, hata mpunga huanzia chini.

Basi Ronah akachapa: Aryemo Yunia. Mjane akainama kwenye kioo, akaomba aonyeshwe jina lake ni lipi, Ronah akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Mama yule akaliangalia kwa muda mrefu. Akasema ni jina zuri.

Kisha akauliza swali lake la mwisho. Alitaka kujua ploti imepewa nani, ili aende kumwomba kibarua cha kufukuza ndege. Alisema mwenye ploti mpya hatajua kwamba ndege wa pale hutokea kwenye matete, wala kwamba tuta la upande wa chini huvuja, na akichelewa siku chache tu atavuna makapi. Hakusema kwa uchungu. Aliuonea huruma mpunga.

Ronah angeweza kumdanganya tena. Lakini kesho angemkuta palepale kwenye tuta, na keshokutwa pia.

"Ni mimi, mama," akasema. "Wamenipa mimi."

Ronah alingoja mjane apige kelele. Aliomba moyoni apige kelele, amlaani, amtemee mate, ili naye apate la kumwitia afande. Badala yake mama yule akaizunguka meza, akauchukua mkono wa Ronah kwa mikono yake miwili, akaushika kama anavyoshikwa mtoto aliyefaulu mtihani.

"Asante Mungu," akasema, na sasa alisema kwa Kikonzo, polepole. "Nilikuwa naogopa wamempa mgeni. Afadhali imekuwa wewe. Wewe unanijua."

Akauachia mkono, akakunja busuti yake ya kanisani akaifunga kiunoni, akashuka kuelekea mferejini kwa haraka, kwa sababu jua lilikuwa limeshapanda na ndege walikuwa wameanza kula mpunga wa Ronah.